Masharti ya mkataba wa simu yakibadilishwa, mteja ana njia gani ya kujiondoa?

MTEJA anayelipa bili ya simu kila mwisho wa mwezi hupokea, siku asiyoitarajia, arafa ya maneno machache: kuanzia tarehe fulani ada ya kifurushi chake itapanda, au dakika alizokuwa akipewa zitapungua. Chini yake huandikwa kwamba masharti mapya yanapatikana katika tovuti ya kampuni. Wengi huifuta wakaendelea na shughuli zao. Wachache hujiuliza: je, mkataba wa miaka miwili uliotiwa saini na pande mbili waweza kubadilishwa na upande mmoja, na ukishabadilishwa, yule wa pili bado amefungwa?

Kwa Wakenya wengi swali hili halizuki. Wao hununua muda wa maongezi kabla ya kuutumia, na wakichukizwa na bei huchomeka kadi ya kampuni nyingine. Lakini wapo walio na mikataba: wafanyabiashara wanaolipia laini za wafanyakazi wao, waajiriwa waliochukua simu kwa malipo ya polepole pamoja na kifurushi cha kila mwezi, na familia zilizounganishiwa intaneti ya nyaya nyumbani. Hao wakitaka kuondoka kabla ya muda kwisha hudaiwa ada ya kuvunja mkataba, ambayo wakati mwingine hukaribia jumla ya miezi yote iliyosalia.

Karibu kila mkataba wa aina hii una kifungu kinachosema kwamba kampuni yaweza kubadili masharti wakati wowote mradi itoe taarifa. Mteja anayelalamika husomewa kifungu hicho, naye hunyamaza akidhani mjadala umekwisha. Haujaisha. Kifungu hicho huipa kampuni ruhusa ya kupendekeza mapatano mapya. Hakisemi kwamba mteja amekwisha kuyakubali. Mapatano ni ya watu wawili, na anayeongezewa mzigo ana haki ya kuulizwa iwapo atauchukua. Tatizo ni kwamba katika biashara hii ukimya huhesabiwa kuwa jibu. Mteja akiendelea kutumia laini na kulipa bili mpya, mwezi baada ya mwezi, itakuwa vigumu baadaye kudai kwamba hakukubali.

Waliotangulia kuitumia hoja hii kwa wingi ni wateja wa Marekani. Kati ya 2005 na 2008 kampuni nne kubwa za huko, Verizon, AT&T, Sprint na T-Mobile, zilipandisha bei ya arafa moja kutoka senti 10 za dola hadi senti 20. Ongezeko hilo liliwashangaza watu kiasi kwamba Septemba 2008 Seneta Herb Kohl aliziandikia kampuni zote nne akitaka zieleze sababu. Wakati huo mteja wa mkataba wa miaka miwili aliyetaka kuondoka mapema alitozwa ada ya dola 175 au 200.

Hata hivyo, mikataba yenyewe ilikuwa na mlango. Ilisema kwamba endapo kampuni ingebadili masharti kwa namna inayomwumiza mteja kwa kiasi cha maana, mteja angeweza kukatiza bila ada, alimradi atoe taarifa katika muda mfupi uliotajwa. Waliousoma mkataba hadi mwisho walipiga simu, wakataja kifungu kile na kuomba kuondoka. Wapo walioambiwa kwamba senti chache si madhara ya maana, au kwamba bili zao zinaonyesha hawatumi arafa nyingi. Wengine waliahidiwa kurudishiwa bei ya zamani ili wabaki. Aliyefanikiwa kwa kawaida alikuwa yule aliyejua jina la kifungu, akawahi tarehe, na hakuridhika na jibu la mhudumu wa kwanza kupokea simu.

Umoja wa Ulaya uliliondoa jambo hili mikononi mwa wahudumu wa simu na kulitia katika sheria. Agizo lake la 2002 kuhusu huduma za mawasiliano lilimpa mteja haki ya kujitoa bila adhabu anapotangaziwa mabadiliko ya masharti. Sheria iliyofuata ya 2018, ambayo nchi wanachama zilitakiwa kuitekeleza kufikia Desemba 21, 2020, ilifafanua zaidi: kampuni itoe taarifa angalau mwezi mmoja kabla, kwa lugha iliyo wazi, na katika taarifa hiyo hiyo imweleze mteja kwamba ana haki ya kuondoka. Haki hiyo haipo pale mabadiliko yanapomnufaisha mteja peke yake, yanapokuwa ya kiutawala tu yasiyomdhuru, au yanapolazimishwa moja kwa moja na sheria.

Hapo ndipo kampuni zilipotafuta upenyo mwingine. Badala ya kubadili bei baadaye, ziliandika tangu mwanzo kwamba bei itapanda kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei. Novemba 26, 2015, katika kesi iliyoihusu kampuni ya A1 ya Austria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nyongeza ya namna hiyo si badiliko la mkataba, maadamu inafuata kipimo kinachotayarishwa na taasisi ya umma na kilichotajwa katika mkataba wenyewe. Kwa maneno mengine, mteja alikwisha kuikubali siku ya kutia saini. Somo kwa msomaji wetu ni la moja kwa moja: kabla ya kudai kwamba masharti yamebadilika, hakikisha kwamba nyongeza unayoilalamikia haikuandikwa ndani tangu awali.

Uingereza iliupitia mkondo uo huo. Kwa mikataba ya kuanzia Januari 23, 2014, msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, alielekeza kwamba mteja aruhusiwe kuondoka bila adhabu bei ya mwezi ikipandishwa kinyume na makubaliano. Kampuni zikakimbilia mfumuko wa bei. Ndipo kuanzia Januari 17, 2025 Ofcom ikataka nyongeza yoyote katika mkataba mpya itajwe kwa pauni na peni, mteja aione kabla hajatia saini. Oktoba mwaka huo huo, O2 ilitangaza kwamba nyongeza ya Aprili 2026 ingekuwa pauni 2.50 kwa mwezi badala ya 1.80 iliyokuwa imeahidi. Wateja wakapewa siku 30 za kuondoka bila adhabu, ila waliochukua simu kwa mkopo walitakiwa kuendelea kuilipia.

Sheria za Kenya hazina kifungu kilichonyooka kama kile cha Ulaya, lakini mteja hayuko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika kikamilifu na huduma, na haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, zilizotolewa 2010, zinamhakikishia habari kamili na zilizo wazi kuhusu bei na masharti, bili sahihi inayoeleweka, na kutozwa kwa huduma alizojiandikishia tu.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Inasema kwamba mtu hawajibiki kulipia huduma ambayo hakuiomba, na kwamba haki alizopewa na sheria hiyo haziwezi kufutwa na maandishi ya mkataba. Ukiziweka kanuni hizi pamoja, hoja hujengeka yenyewe: niliomba kifurushi cha bei hii na dakika hizi, mnachonipa sasa ni kingine, nami sikukiomba. Hoja hii haimhakikishii mtu ushindi, lakini ina uzito kuliko kulalamika kwamba maisha yamekuwa magumu.

Si kila ongezeko linalofaa kupingwa. Kodi ni mfano mzuri. Ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na data ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 Julai 2021, kisha ukarudishwa asilimia 15 Julai 2023. Kampuni inayopitisha kodi ya serikali kwa mteja haijabadili mkataba kwa hiari yake. (Mwenye bili za miaka hiyo azitazame: kodi ilipopanda bei ilipanda upesi, je, iliposhuka, ilishuka?)

Kabla ya kuandika barua, piga hesabu. Tuchukue mfano wa mtu aliyeafikiana kulipa Sh2,500 kwa mwezi kwa miezi 24, kisha katika mwezi wa nane ada ikapanda hadi Sh2,900. Katika miezi 16 iliyosalia atalipa Sh6,400 zaidi ya alivyopanga. Akiwa na laini peke yake, kuondoka ni jambo la barua moja. Lakini kama ndani ya ile Sh2,500 kulikuwa na Sh1,000 za kulipia simu ya mkononi, bado anadaiwa Sh16,000 za simu hiyo, na deni hilo halifi kwa kuwa huduma imebadilika. Alipokea simu, anaitumia, ataimalizia. Kosa la wengi ni kuchanganya mambo haya mawili, wakakataa kulipa vyote na kujikuta wakisakwa na wakusanyaji madeni. Omba kampuni itenganishe kwa maandishi kiasi cha simu na kiasi cha huduma, kisha bishana kuhusu huduma tu.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja nambari ya akaunti, tarehe ya mkataba, tarehe uliyopata taarifa na sharti lililobadilishwa, kwa kunukuu la zamani na jipya. Sema kwamba hukubali badiliko hilo, na kwamba ama uendelee kwa masharti ya awali hadi muda utakapokwisha, ama mkataba ukatizwe bila ada kabla ya tarehe ya masharti mapya kuanza. Kutoa njia mbili kuna faida: kampuni ikikataa zote, itakuwa imejieleza vibaya mbele ya yeyote atakayeusikiza mzozo huo baadaye. Iandike pia kwa baruapepe na uhifadhi nambari ya malalamishi utakayopewa. Maneno ya simu peke yake hayatoshi.

Usisubiri. Hata pale ambapo mkataba hautaji muda, andika katika mwezi ule ule wa taarifa. Ukilipa bili ya kwanza ya bei mpya ili usikatiwe laini, eleza kwa maandishi kwamba unalipa huku ukipinga.

Suala la nambari huwatia watu wengi hofu kuliko la pesa. Tangu Aprili 2011 Mkenya aweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili nambari, lakini kuhamisha nambari hakufuti mkataba. Bili itaendelea kuja hadi mkataba ukatizwe kwa njia yake. Vilevile akaunti ya pesa ya simu hufuata kampuni, haifuati nambari, hivyo toa salio kwanza. Mara nyingi njia nyepesi ni kuomba laini ihamishiwe kwenye malipo ya kabla katika kampuni ile ile: mkataba unakwisha, nambari inabaki, na pesa za simu haziguswi.

Kampuni isipojibu au ikikataa, malalamishi hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, iliyojulikana zamani kama CCK, pamoja na nakala za barua na bili. Mamlaka hutaka kwanza ushahidi kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kujirekebisha. Ambaye hataridhika ana jopo la rufaa kuhusu masuala ya mawasiliano. Kwa fedha zilizokwisha kukatwa kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021 chini ya sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kuamua katika siku 60, na mdai aweza kujiwakilisha bila wakili.

Ukishapata barua ya kukubaliwa kuondoka, nenda benki ukasimamishe agizo la malipo ya kila mwezi, kisha udai bili ya mwisho inayoonyesha kwamba hudaiwi chochote. Bila hiyo, mitambo ya kampuni huweza kuendelea kukutoza kwa miezi kadhaa kana kwamba hakuna aliyekuandikia lolote.