Timu ya mtaa hufilisika ikipanda ngazi

Nikisimama kwenye foleni ya Feri jioni, hakosi mtu wa kuniuliza: ile timu yetu ilipotelea wapi? Nilikuwa mweka hazina wake, kwa hivyo ni haki yangu kujibu. Jibu fupi ni kwamba ilishinda ligi.

Ukiwa ligi za chini hapa Mombasa, mechi ya ugenini ni Likoni, Changamwe au Kisauni. Vijana hupanda matatu, au huvuka Feri kwa miguu bila nauli, jezi zikiwa ndani ya gunia. Ukifika ligi ya kitaifa hesabu hubadilika. Ligi ya timu 20 ina mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za ugenini. Nairobi peke yake ni kama kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi ni karibu 1,000. Hapo kuna basi, chakula na malazi ya watu 25. Nyumbani nako kuna waamuzi, ambulensi na ulinzi. Kiingilio? Uwanja wetu haukuwa na ukuta. Watu walisimama kandokando wakatazama bure, na wengine, Mungu awabariki, walituletea maji.

Pengo hilo huzibwa na mfadhili. Wetu alikuwa mfanyabiashara, na simlaumu, maana alitoa kwa moyo. Kosa lilikuwa letu. Tulipopanda tu, tulisajili wachezaji sita kutoka nje tukawaahidi mshahara wa kila mwezi, kwa pesa za mtu ambaye hakuwa ametia sahihi popote. Biashara yake ilipoyumba katikati ya msimu, nilibaki na daftari na ahadi.

Wakubwa nao yamewakuta. Nakumatt ilianza kucheza Ligi Kuu mwaka 2017. Maduka yaliyoilea yalipoanguka, ilibadilishwa jina ikawa Mount Kenya United, na kufikia 2019 ilikuwa imeshushwa. Mwaka huo huo SportPesa, ikivutana na serikali kuhusu leseni na kodi, iliondoa ufadhili wake katika michezo nchini. Msimu uliofuata Sony Sugar ikafukuzwa ligini kwa kukosa mechi tatu. BetKing ilikuja 2020 na mkataba wa miaka 5 wa shilingi bilioni 1.2, mwaka uliofuata ikaondoka. Hata Uingereza, Bury, klabu ya tangu 1885, ilipanda daraja 2019 ikiwa na mishahara isiyoimudu, na Agosti ikatimuliwa kabla ya kucheza hata mechi moja ya ligi katika daraja jipya.

Najua mtanitajia Bandari, iliyobeba Ngao mwaka 2019 ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Nyuma yake ipo Halmashauri ya Bandari. Mtaa hauna meli.

Ningerudishiwa daftari lile leo, ningeandika gharama za safari zote za msimu kabla ya kusajili mtu yeyote. Ahadi ya mfadhili ningeihesabu siku pesa inapoingia kwenye akaunti. Mchezaji angelipwa kwa mechi aliyocheza. Na kama hesabu haitoshi, ningewaambia wenzangu tubaki chini mwaka mwingine, ingawa najua pale maskani wangenifukuza kabla sijamaliza kusema. Nani anakataa kupanda?

Deni la basi tulilimaliza baada ya misimu miwili, kwa michango. Wachezaji wawili bado wanatudai. Mmoja hubeba mizigo hapo hapo Feri. Kila tukikutana hunisalimu, "Shikamoo, mweka hazina," nami huitikia marahaba huku nikiangalia chini.