Ngome, Gereza, Maktaba: Jengo la Lamu na Historia ya Neno

Msafiri atokaye Mang'ula kwenda Ifakara, katika bonde la Kilombero, hupita Kiberege, penye gereza. Kwa wakazi wa bonde hilo neno gereza lina maana moja tu: mahali wafungwapo watu. Huko pwani, ambako neno lilizaliwa, maana zake zilikuwa zaidi ya hiyo, na jengo moja la Lamu laweza kulieleza jambo hilo kuliko kamusi.

Asili ya neno, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni igreja ya Kireno, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo ilidondoka, konsonanti mbili zilizofuatana zikatenganishwa kwa irabu, na j ya Kireno, ambayo Kiswahili hakina, ikawa z. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, kama ile ya Mombasa iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593. Basi jina la kanisa likaenea hata likawa la ngome nzima. Kilwa Kisiwani ngome ya kale ingali yaitwa Gereza. Baadaye ngome zikatumiwa kufungia watu, na ile ya Mombasa ilitumika hivyo toka 1895 hadi 1958. Neno likafuata kazi ya jengo.

Ngome ya Lamu si ya karne za kati kama ulivyo Msikiti Mkuu wa Kilwa, lakini ujenzi wake ni ule ule wa kale: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ilikamilika yapata mwaka 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela. Uhasama huo ulikuwa na mashairi yake pia: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu. Toka 1910 hadi 1984 ngome ilikuwa gereza la serikali. Ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikatengenezwa kwa msaada wa Uswidi, na ndani yake ikawekwa maktaba yenye mashairi ya Kiswahili na maandishi juu ya Lamu.

Hapa historia ya neno na historia ya jengo zaachana. Maana ya neno hubadilika bila amri ya mtu. Mpya ikishaenea, ya kale hufifia, wala hapana awezaye kuirudisha. Jengo halibadiliki hivyo. Kuta za Lamu zingaliweza kuachwa zianguke, au kutengenezwa zikabaki tupu, za kutazamwa tu. Walikuwako watu walioamua vingine, na ushairi uliosindikiza vita ukapata makao katika ngome iliyozaliwa na vita hivyo. Uamuzi huo hauna budi kurudiwa na kila kizazi, kwa kuingia na kusoma.