T-72B3: Kifaru cha zamani chenye macho mapya

KIFARU aina ya T-72B3, kilichokuwa uti wa mgongo wa vikosi vya deraya vya Urusi nchi hiyo ilipoivamia Ukraine Februari 2022, si silaha mpya. Ni T-72 ya enzi za Usovieti iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kiwanda cha Uralvagonzavod, mjini Nizhny Tagil.

Ukoo huo wa vifaru ulianza kutumika mwaka 1973. Wasomaji wa Afrika Mashariki wataukumbuka kwa meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72.

Badiliko kubwa katika B3 ni darubini ya mlenga shabaha iitwayo Sosna-U, iliyobuniwa Belarus, yenye kamera inayotambua joto. Kamera za awali zilitokana na teknolojia ya kampuni ya Thales ya Ufaransa. Kwa darubini hiyo mlenga shabaha humwona adui usiku na hata ndani ya moshi. Mzinga wake wa milimita 125 waweza pia kurusha kombora linaloongozwa hadi umbali wa kilometa tano. Injini ya awali ilikuwa na nguvu za farasi 840. Toleo la mwaka 2016 likapewa 1,130.

Kifaru hiki huendeshwa na askari watatu tu, kwa kuwa mtambo maalumu ndio unaopakia mzinga. Ndiyo sababu ni kifupi na chepesi, tani 46 hivi, ilhali Abrams cha Marekani huzidi tani 60.

Lakini hapo hapo ndipo penye kasoro yake mbaya kuliko zote. Mtambo huo hubeba risasi 22 za mzinga katika duara lililo sakafuni, na kamanda na mlenga shabaha huketi juu yake. Risasi nyingine huwekwa humo humo ndani, bila kinga. Silaha ya adui ikipenya, baruti hulipuka na kichwa kizima cha kifaru hurushwa hewani. Askari walio ndani hawana pa kukimbilia. Jambo hilo lilionekana Irak mwaka 1991, na ukarabati haukuligusa. Katika Abrams, risasi nyingi hutengwa nyuma ya mlango wa chuma, na mlipuko huelekezwa nje.

Kasoro nyingine haizungumzwi sana, nayo ni kurudi nyuma. T-72B3 hurudi kinyumenyume kwa kilometa nne hivi kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Dereva anayetaka kukimbia hulazimika kugeuza kifaru na kumwonyesha adui mgongo, ambako deraya ni nyembamba.

Juu pia ni pembamba. Kombora la Javelin hushukia hapo, kadhalika ndege ndogo zisizo na rubani. Warusi walijibu kwa kufunga vizimba vya chuma juu ya vifaru vyao, kisha vibanda vizima vinavyokifunika kifaru, hata kichwa kikashindwa kuzunguka vizuri.