Joseph René Bellot, Luteni Aliyekufa Akipeleka Barua

Mbele ya majengo ya kale ya wanamaji huko Greenwich, London, kando ya mto Thames, umesimama mnara wa graniti nyekundu wa aina iitwayo obeliski, yaani nguzo ya pembe nne inayopungua unene kadiri inavyokwenda juu, na kwenye kitako chake limechongwa jina moja kwa herufi kubwa: Bellot. Mwenye jina hilo hakuwa Mwingereza. Joseph René Bellot alikuwa luteni wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, na alifariki tarehe 18 Agosti 1853, akiwa na umri wa miaka 27, katika barafu za kaskazini mwa Kanada, si kwa risasi wala kwa mzinga wa adui, bali akipeleka barua za serikali isiyokuwa yake kwa mabaharia wasiokuwa wa taifa lake.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1826, lakini alikulia Rochefort, mji wa magharibi mwa Ufaransa uliojulikana kwa karakana za meli za kivita, ambako baba yake alikuwa mhunzi aliyewavisha farasi viatu vya chuma. Kipato cha mhunzi mwenye watoto wengi hakikutosha kumsomesha mtoto hadi awe ofisa, hivyo mji wenyewe ulichangia karo yake, naye akaingia chuo cha wanamaji cha Brest akiwa bado kijana mdogo.

Vita alivijua mapema, tena katika Bahari ya Hindi. Mwezi Juni 1845 alikuwa katika Le Berceau, meli ndogo ya kivita ya aina ya korveti, wakati meli mbili za Ufaransa na moja ya Uingereza ziliposhambulia bandari ya Tamatave, ambayo leo huitwa Toamasina, pwani ya mashariki ya Madagaska, baada ya Malkia Ranavalona I kuamuru kwamba wafanyabiashara wa kigeni walioishi huko wafuate sheria za nchi kama raia wake au waondoke. Shambulio lilishindwa, washambuliaji wakarudi melini wakiwaacha wenzao waliouawa ufukweni, na Bellot, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akajeruhiwa pajani kwa risasi. Kwa ushujaa wake siku hiyo alitunukiwa nishani ya Légion d'honneur kabla hajatimiza miaka 20. Hata hivyo, anayelitazama tukio hilo kutoka upande huu wa bahari hana budi kukiri kwamba malkia alikuwa akitumia haki ya kila mwenye nchi, na kwamba lau maisha ya Bellot yangekoma Tamatave, jina lake lingebaki miongoni mwa majina mengi ya vijana waliotumwa kuwaadhibu watu katika nchi yao wenyewe.

Wiki chache kabla ya risasi ile, Sir John Franklin alikuwa ameondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kwenda kutafuta Njia ya Kaskazini-Magharibi, yaani njia ya bahari iliyodhaniwa kupita juu ya bara la Amerika kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Watu 129 waliingia katika barafu, na hakurudi hata mmoja. Miaka ilipopita bila habari, mke wake, Lady Jane Franklin, alianza kugharimia mwenyewe safari za kumtafuta, na mwaka 1851 Bellot aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, akajitolea kwenda, naye akakubaliwa. Chombo alichopanda, Prince Albert, kilikuwa kidogo, cha tani 90 hivi, na nahodha wake alikuwa William Kennedy, mzaliwa wa Kanada ambaye mama yake alikuwa wa jamii ya Wacree.

Mwezi Septemba mwaka huo Kennedy na watu wanne walishuka nchi kavu, barafu ikakisukuma chombo mbali nao, na Bellot, mgeni mwenye umri wa miaka 25, akajikuta ndiye kiongozi wa mabaharia wa Kiingereza. Alijaribu mara mbili kuwafikia wenzake kwa miguu akashindwa, na mara ya tatu, baada ya zaidi ya wiki tano, akawapata wakiwa hai. Majira ya kuchipua ya mwaka 1852 yeye na Kennedy walifunga safari ndefu kwa sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, wakagundua mlango wa bahari, mwembamba, wenye upana wa kilomita mbili hivi, ambao ukingo wake wa kusini ndio ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Amerika. Kennedy aliupa jina la Bellot. Kutoka hapo walikata shauri kwenda magharibi. Mabaki ya Erebus na Terror, yaliyopatikana mwaka 2014 na 2016, yalikuwa kusini.

Mwaka 1853 alirudi huko katika meli ya mvuke Phoenix, iliyopeleka shehena na barua kwa kikosi cha Uingereza kilichokuwa kikimtafuta Franklin chini ya Sir Edward Belcher. Meli ilipofika kisiwa cha Beechey, Belcher alikuwa mbali upande wa kaskazini, na Bellot akajitolea kumpelekea barua hizo kwa kupita juu ya barafu ya mlango wa Wellington. Aliondoka tarehe 12 Agosti na mabaharia wanne, sleji moja na mtumbwi mwepesi wa mpira. Siku tano baadaye wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufika nchi kavu wakati tufani ilipoikata barafu na kuichukua pamoja na Bellot na mabaharia wawili waliobaki, Johnson na Hook. Walijikingia upepo kwa kuchimba barafu kwa visu, na usiku ule, kwa ushahidi wa Johnson, Bellot aliwatia moyo kwa kuwaambia kwamba Mungu akiwalinda hautaguswa hata unywele wao mmoja. Asubuhi alitoka kutazama barafu inaelekea wapi. Dakika nne hivi zikapita. Johnson alipozunguka kichuguu cha barafu walichojikingia hakumwona, ila aliiona fimbo yake imelala ng'ambo ya ufa wenye upana wa pima tano, yaani karibu mita tisa, na barafu yote ikivunjika. Mwili wake haukupatikana kamwe. Johnson na Hook waliokoka.

Habari zilipofika London, wanajiografia wakiongozwa na Sir Roderick Murchison waliitisha mkutano wa hadhara mwezi Novemba 1853, na zikachangwa zaidi ya pauni 2,000, ambazo sehemu yake ilijenga mnara wa Greenwich kwa ramani ya Philip Hardwick, na iliyobaki wakagawiwa ndugu zake wa kike. Napoleon III naye aliipa familia pensheni. Wapo wanaoweza kudhani kwamba heshima hiyo ilikuwa siasa ya ushirikiano wa vita vya Krimea, lakini mchango ulianza miezi kadhaa kabla ya Uingereza na Ufaransa kuingia pamoja katika vita hivyo mwezi Machi 1854, na waliotoa fedha walikuwa wa kizazi ambacho baba zao walipigana na Wafaransa hadi mwaka 1815. Shajara yake ya safari ilichapishwa mwaka 1854, na wasomaji wakamjua kijana mchangamfu, mcha Mungu na mwenye kuikumbuka sana familia yake.

Kasi ya maji katika mlango wa Bellot hubadilika sana kwa kujaa na kupwa kwa bahari, na barafu husukumwa humo kwa nguvu. Manahodha husubiri hadi maji yatulie kabla ya kuingiza meli zao mahali ambapo mwana wa mhunzi alipita kwa miguu, akiandamana na sleji.