Sauti Iliyozama Ukunguni

Agosti 11, 1986, santuri mpya ya Nakamori Akina iliingia madukani Japani, na haukupita muda wanunuzi wakaanza kuiuliza kampuni kama imeharibika kiwandani. Sauti ya mwimbaji haikusikika sawasawa. Ilizama chini ya gitaa, ngoma na sintesaiza, ikafunikwa na mwangwi mzito kama ya mtu anayeimba ng'ambo ya bonde lenye ukungu. Kumbe santuri haikuwa na kasoro. Akina, akiwa na umri wa miaka 21, ndiye aliyetaka iwe hivyo. Albamu hiyo, Fushigi, yaani "ajabu", aliitayarisha mwenyewe.

Uzito wa uamuzi huo hauonekani bila kurudi nyuma miaka sitini hivi. Kampuni za santuri zilipojijenga Japani mwishoni mwa miaka ya 1920, ziliwafunga watunzi kwa mikataba: mashairi yalitoka kwa mtu wa kampuni, muziki ukatoka kwa mtu wa kampuni hiyo hiyo, na mwimbaji akakabidhiwa wimbo uliokwisha kupikwa. Baada ya vita akaja Misora Hibari, aliyeanza kurekodi mwaka 1949 akiwa na miaka 12, akawa sauti ya taifa zima. Ni muziki mkubwa, sitaki kuupunguzia heshima yake. Lakini mwimbaji alikuwa mtu wa mwisho kuitwa.

Ufa wa kwanza mkubwa kwa upande wa wanawake naupa mwaka 1973, Arai Yumi, binti wa duka la kimono mjini Hachioji, alipotoa Hikōki-gumo akiwa na miaka 19. Nyimbo zote alizitunga yeye. Hata hivyo prodyuza alikuwa mwanamume, Murai Kunihiko.

Wakati huo huo televisheni ilikuwa imefungua kiwanda kingine. Kipindi cha Star Tanjō!, kilichoanza 1971, kiliwasimamisha vijana mbele ya maajenti, na ajenti aliyempenda kijana aliinua bango. Hapo ndipo walipozaliwa aidoru wengi, wasichana waliopewa wimbo, gauni, hata namna ya kutabasamu. Akina alipita humo mwaka 1981, jaribio la tatu. Mwaka uliofuata alipewa wimbo wa Shōjo A. Mwanzoni aliukataa, akaishia kuuimba, nao ukamfanya nyota. Mwaka 1985 akanyakua Tuzo Kuu ya Rekodi ya Japani, na mwishoni mwa 1986 angeinyakua tena.

Sasa fikiria: mtu aliye kileleni namna hiyo anaingia studioni na kukificha kitu ambacho watu wanalipia. Hakuweka hata singo moja iliyokwisha kupendwa. Mpangilio wa ala aliiachia zaidi bendi ya Eurox, yenye fidla na giza la roki ya Ulaya. Mara ya kwanza kuisikiliza nilisogeza spika karibu, nikitafuta maneno. Mara ya tatu niliacha kuyatafuta, nikaona sauti imekuwa ala kati ya ala, inapanda na kuzama, na ndani yake mna huzuni ambayo wimbo ulio wazi ungeieleza vibaya. Pamoja na malalamiko yote, albamu ilishika namba moja kwenye chati ya Oricon. Mwaka 1988 baadhi ya nyimbo zake zilitengenezwa upya katika Wonder, sauti ikaletwa mbele. Ni nzuri. Ila ule ukungu haumo, nami ninaukosa.

Kizazi kilichofuata kilikuta mlango u wazi kiasi. Mwimbaji Shiina Ringo, aliyekulia Fukuoka, aliuza zaidi ya nakala milioni 2 za albamu yake ya pili mwaka 2000. Akaolewa, akazaa, akaachika, na Februari 2003 akatoa Karuki Zāmen Kuri no Hana, yeye akiwa prodyuza, akichanganya koto, okestra na kompyuta. Wimbo wa sita, Kuki, yaani "shina", umesimama katikati. Majina ya nyimbo tano zinazoutangulia na tano zinazoufuata yamepangwa yalingane kwa maandishi, kama uso na kioo. Muda wote ni dakika 44 na sekunde 44. Msichana wa kile kiwanda cha mabango hakuwa na sekunde hata moja ya kuichagua mwenyewe.