Mchoro wa ratiba ni ngao ya miradi ya mashinani

MKANDARASI anapoacha kuta za darasa bila paa, wakazi huuliza fedha zilikwenda wapi. Hilo ni swali la haki. Lakini lipo jingine ambalo huulizwa mara chache: ni nani aliyepanga msingi uchimbwe mwezi wa Aprili?

Katika eneo la Kenyenya, Kaunti ya Kisii, uzito wa swali hilo hauhitaji kufafanuliwa na mtaalamu. Nyanda hizo za juu hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Mwaka wa fedha wa serikali, kwa upande wake, huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Fedha zikichelewa hadi Februari, zabuni itakamilika masika yakiwa yamekwisha kuingia, na mitaro ya msingi itajaa maji.

Kalenda hizi mbili zinajulikana na kila mwanakamati. Kasoro ni kwamba moja hukaa katika faili ya mweka hazina, na ya pili vichwani mwa wakulima. Mchoro wa ratiba huziweka pamoja ukutani.

Mchoro wenyewe ni rahisi. Miezi huandikwa juu, kazi huorodheshwa upande wa kushoto, na kila kazi huchorewa ukanda unaoanzia siku ya kuanza hadi siku ya kumaliza. Umepewa jina la mhandisi Mmarekani, Henry Gantt (1861-1919), ingawa Karol Adamiecki wa Poland alikuwa amebuni mchoro unaofanana nao mwaka wa 1896. Huyo wa pili aliandika kwa lugha ambazo hazikusomwa sana Magharibi, na sifa zikamwendea mwenzake.

Faida yake kubwa ni kuonyesha kazi ipi inasubiri ipi. Matofali ya udongo hayawezi kuchomwa kabla ya kukauka, na hayakauki upesi mvua inaponyesha kila alasiri. Zege hutakiwa kutunzwa kwa unyevu kwa angalau siku saba, na nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Siku hizo hazipunguzwi kwa kuongeza vibarua. Kamati inayozichora itatambua mapema kwamba matofali yafaa yafyatuliwe Januari, hata kabla ya fundi kupatikana, au msingi uahirishwe hadi Julai.

Ukanda wa mpango peke yake, hata hivyo, ni pambo. Chini yake sharti uchorwe ukanda wa pili, wa rangi tofauti, unaoonyesha kazi ilivyofanyika hasa. Uzi uliotundikwa wima kuonyesha tarehe ya leo, na kusogezwa kila wiki, humwezesha hata mzazi asiyesoma sana kuona pengo. Rangi saba hazihitajiki; mbili zatosha, na karatasi ya manila hufanya kazi sawa na programu ya kompyuta.

Mchoro hauleti fedha, wala haumzuii mwizi. Unachofanya ni kumnyima nafasi ya kusingizia mvua ambayo kila mtu aliijua, au kuahidi kukamilisha kazi "hivi karibuni".

Tangu Hazina ya Ustawishaji Maeneobunge (CDF) ianzishwe mwaka wa 2003, kamati za wakazi zimesimamia miradi mingi ya shule na zahanati nchini. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kutekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka wa 2016. Kwa hiyo mahali pa mchoro ni kwenye ubao wa matangazo langoni, si ofisini. Kalamu ya kuchorea ukanda wa pili yafaa ikae na katibu wa kamati, wala si mkandarasi, na kila badiliko liandikwe tarehe na sababu yake.