Mko ki gani? Maneno ya msingi ya muziki kwa mwanakwaya anayeanza

Kwaya ikiingia studio kurekodi, swali la kwanza la fundi mitambo huwa fupi: "Mko ki gani?" Mara nyingi hufuata ukimya, kisha wote humgeukia mpiga kinanda. Asipokuwepo, nusu saa ya kwanza huisha kwa kutafuta. Na nusu saa hiyo ina bei yake. Kwaya inayotoka Arash kwenda kurekodi Karatu au Arusha imechangishana nauli, chakula na malipo ya studio, na wapo waliouza mbuzi ili safari iwezekane. Studio huhesabu saa, haihesabu nyimbo.

Makala haya ni kwa msikilizaji ambaye anaimba vizuri tu lakini hajawahi kuelezwa maneno ambayo mafundi na walimu wa kwaya huyatumia. Mengi yametoka Ulaya, yakaja na misheni, vinanda na karatasi za nyimbo. Hayatakufanya uimbe vizuri zaidi. Yatakufanya uelewane na mwenzako haraka.

Sauti ya juu, sauti ya chini

Sauti ni mtetemo wa hewa. Hewa ikitetemeka haraka, unasikia sauti nyembamba, ya juu. Ikitetemeka polepole, unasikia sauti nene, ya chini. Kipimo chake ni hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde moja. Ni kipimo kilekile tunachokitaja tukitangaza masafa ya redio, ila mawimbi ya FM ni ya umeme na hutetemeka mara milioni nyingi kwa sekunde. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi karibu 20,000, na uwezo huo wa juu hupungua kadiri umri unavyosogea.

Ili vinanda vya dunia nzima vikubaliane, ilipangwa kwamba sauti inayoitwa A iwe hezi 440. Hapo ndipo magitaa, matarumbeta na vinanda vingi huanzia. Ukizidisha mara mbili ukapata 880, unasikia A tena, ya juu zaidi. Ukigawa kwa mbili ukapata 220, ni A ya chini. Umbali huo unaitwa oktava. Unaujua tayari: baba na mama wakiimba wimbo mmoja pamoja, kila mtu kwa koo lake, mara nyingi baba yuko oktava moja chini, na hakuna anayesema wameimba tofauti.

Ndani ya oktava moja, muziki wa Magharibi umekata vipande 12 vilivyo sawa. Kila kipande ni nusu hatua. Kwenye kinanda ni vitufe saba vyeupe na vitano vyeusi, kisha mpangilio unajirudia. Vyeupe vina majina ya herufi: C, D, E, F, G, A, B.

Do, re, mi: ngazi yenye vidato visivyolingana

Wimbo mmoja hautumii vipande vyote 12. Huchagua saba, na saba hizo ndizo do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do ya juu. Mpangilio huo unaitwa skeli. Kosa la wengi wanaoanza ni kudhani kwamba vidato vya ngazi hii vinalingana. Havilingani. Kutoka do hadi re ni hatua kamili, re hadi mi hatua kamili, lakini mi hadi fa ni nusu hatua tu. Fa hadi so, so hadi la, la hadi ti ni hatua kamili, halafu ti hadi do ni nusu tena. Fikiria nguzo za uzio wa boma: tano zimeachana kwa upana mmoja, mbili zimesogezwa karibu. Kwaya ikipotea, jambo la kwanza la kukagua ni pale mi inapokutana na fa, na ti inapokutana na do. Waimbaji hupitiliza hapo, na wimbo mzima unapinda.

Majina haya yana historia ndefu. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alichukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, akazifanya majina ya sauti ili wanafunzi wake wajifunze nyimbo kwa haraka. Ya kwanza ilikuwa ut. Baadaye ikawa do, na ya saba, si, ikaongezwa. Karne ya 19 huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover wa Norwich alitengeneza njia ya kufundishia watoto kuimba kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Si ikawa ti, ili herufi s ibaki ya so peke yake. Njia hiyo ndiyo tonik solfa.

Kilichoifanya isafiri ni unyenyekevu wake. Haihitaji mistari mitano wala alama zenye vichwa na mikia. Mashine ya kawaida ya chapa inatosha, hata kalamu na daftari la shule. Ndiyo maana shule za misheni Afrika ziliipokea. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake leo ni wimbo wetu wa taifa, na aliuandika kwa solfa. Anayekwambia solfa ni muziki wa wasiosoma, mkumbushe hilo.

Basi ki ni nini?

Ki, au ufunguo, ni jibu la swali moja: do yenu mmeiweka wapi? Ukiiweka do kwenye G, uko ki ya G. Ukiiweka kwenye F, uko ki ya F. Umbali kati ya do, re, mi na nyingine haubadiliki. Ngazi ni ileile, imeegeshwa tu kwenye ukuta mrefu au mfupi zaidi. Juu ya karatasi ya solfa utakuta pameandikwa "Doh is G", maana yake ndiyo hiyo.

Kwa nini ibishaniwe? Do ikiwa G ya hezi 392, do ya juu ni 784. Ukishusha mpaka F, do ya juu inakuwa karibu 698. Kwa sikio ni hatua moja kamili. Kwa koo la sauti ya kwanza, saa mbili asubuhi baada ya kulala kwenye gari, ni tofauti ya kuimba na kupiga kelele. Wapiga vinanda wengi huzoea ki moja au mbili na kutegemea kitufe cha kuhamisha ki. Si dhambi, ili mradi mtu akumbuke amekibonyeza mara ngapi.

Kwaya isiyo na chombo ina tatizo jingine: huanza vizuri, na ubeti wa nne umeshashuka. Kuna kipimo rahisi. Pakueni kwenye simu programu ya kinanda, pateni do, imbeni ubeti mmoja bila kusaidiwa, kisha bonyezeni do tena. Mkikuta mko chini yake, mmeshuka. Mara nyingi chanzo ni pumzi fupi, au mi iliyoimbwa kwa uvivu.

Mapigo

Pigo ni kile mguu wako unachokanyaga bila kuambiwa. Mapigo hupangwa kwa mafungu, na kila fungu huitwa bari. Pigo la kwanza la bari ndilo lenye uzito. Nyimbo za gwaride huenda mawili mawili, tenzi nyingi nne nne, nyingine tatu tatu. Kuna na mtindo wa sita, unaohesabiwa kama mapigo mawili makubwa, kila moja likiwa na vidogo vitatu ndani yake. Huo ndio unaoyumbisha mabega, na kwaya zetu zinaupenda kuliko zinavyojua.

Tempo ni mwendo: mapigo mangapi kwa dakika. Sitini ni mwendo wa saa ya ukutani, pigo moja kila sekunde. Studio hutumia klik, mlio wa kupima unaosikika kwenye vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu gitaa, ngoma na sauti hurekodiwa kwa zamu na lazima vikutane. Kwaya iliyozoea kukimbia kila ikifika kwenye kiitikio itateseka na klik. Zoezeni nayo nyumbani, ipo kwenye simu bure.

Katika solfa, mkwaju wima ni mwanzo wa bari, nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari kinasema sauti iliyotangulia iendelee. Tazama:

| d :m | s :– |

Ni bari mbili za mapigo mawili mawili: do pigo moja, mi pigo moja, kisha so inashikiliwa mapigo mawili. Ukikuta d.r :m, nukta moja inakata pigo nusu kwa nusu: do na re zinagawana pigo la kwanza, mi inachukua la pili zima. Alama ndogo juu ya herufi humaanisha oktava ya juu, chini yake oktava ya chini. Nafasi tupu ni kimya, na kimya nacho huhesabiwa.

Sauti nne na kodi

Sauti ya kwanza ni soprano, ya pili alto, ya tatu teno, ya nne besi. Melodi, yaani tuni unayoikumbuka ukienda kuchota maji, kwa kawaida hubebwa na soprano. Nne zikilia pamoja kwa mpango, hiyo ni hamoni.

Niseme jambo kuhusu alto. Kwaya nyingi hupeleka huko kila dada ambaye "hawezi kupanda". Alto si soprano aliyeshindwa. Ndiyo sauti inayohitaji sikio kali kuliko zote, maana melodi iko jirani nayo inamvuta mtu kila sekunde.

Sauti tatu au zaidi zikipigwa pamoja hufanya kodi (hii haiendi TRA). Do, mi na so ni kodi ya kwanza. Fa, la na do ya nne. So, ti na re ya tano. Kwa tatu hizi unasindikiza nyimbo nyingi sana za ibada. Kodi ya do, mi, so ni meja: kutoka do hadi mi ni nusu hatua nne. Kodi ya la, do, mi ni maina: kutoka la hadi do ni nusu hatua tatu. Nusu hatua moja tu, na uso wa wimbo umebadilika. Husemwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni; ni mazoea ya Ulaya, usiyafanye sheria.

Alama nyingine ni za Kiitalia: p ni kwa sauti ndogo, f ni kwa nguvu, rit. ni punguza mwendo, D.C. ni rudi mwanzo, Fine ni mwisho. Nusu duara yenye nukta ndani ni shikilia mpaka mwongozaji aachie.

Pale maneno haya yanapofika ukingoni

Arash ni nchi ya Wamaasai, na hapa kuna muziki uliokamilika kabla ya kinanda. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, huanzisha, kundi hujibu. Chini yake wengine hushikilia sauti moja nene ya kooni bila kuiachia. Kwa maneno tuliyojifunza tungesema kuna melodi, kuna hamoni, kuna sauti shikilizi. Ngoma haipo: mapigo yako kwenye pumzi, kwenye shingo, kwenye shanga, kwenye mruko. Ila do ya olaranyani haikupangiwa hezi 440. Anaiweka pale koo lake lilipo siku hiyo, na wimbo ukipanda kadiri moto unavyokolea, hajakosea ki. Ndivyo wimbo ulivyo.

Kuna na suala la lugha. Kimaa ni lugha ya toni: jina lilelile likitamkwa kwa toni moja ni mtenda, kwa nyingine ni mtendwa. Ukichukua tuni ya Ulaya ukaivika maneno ya Kimaa, melodi inaweza kupanda mahali ambapo neno linataka kushuka, na wazee wanasikia kitu kimekwaruza hata wasipoweza kukitaja. Katika miaka ya 1960, mmisionari wa Kilutheri Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo zenye tuni za Watanzania katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, akianzia kwenye tuni za watu wenyewe. Mtunzi wa Arash ana njia hiyohiyo mbele yake: sema mstari kwa sauti kwanza, sikiliza unapopanda na kushuka wenyewe, kisha ndipo utafute do.

Na kama kundi lenu linakwenda kurekodi wimbo wa jadi, msikubali kinanda kitangulie. Mwambieni fundi azime klik, aweke maikrofoni moja kwa olaranyani na nyingine kwa kundi, mrekodi wote kwa pamoja mkiwa mmesimama kama mnavyosimama nyumbani, na wimbo usikatwe kabla haujaisha. Akiuliza mko ki gani, mjibuni asubiri olaranyani aanze, kisha aitafute kwenye kinanda chake.